Gauni Lisilofumuliwa

FUNDI: Haloo? Haloo dada? Ni mimi, mdogo wako. Shikamoo.

DADA: Marahaba, baba mtu! Mbona unakwaruza kama redio mbovu? Haya, wifi yangu na mtoto hawajambo?

FUNDI: Hawajambo kabisa. Wako chumbani na mama mkwe, mimi niko sebuleni na cherehani yangu. Leo siku ya tatu, na mtoto mpole huyo, we acha tu! Halii.

DADA: Halii?

FUNDI: Hata kidogo. Majirani wanauliza kama kweli tumezaa. [anacheka]

DADA: Mimi mkunga mwaka wa ishirini huu, mpole wa siku tatu sijamwona. Alizaliwa na kilo ngapi?

FUNDI: Moja na gramu mia tisa. Lakini si njiti! Miezi yote tisa ilitimia, kwa hiyo mimi—

DADA: Moja na mia tisa? Kwa miezi tisa?

FUNDI: Mama yake alikuwa na tumbo dogo, dada. Lile gauni nililomshonea, nililiachia akiba pembeni ili nifumue tumbo likikua. Sijafumua hata uzi mmoja. Nikajisifu, nikasema mkono wangu unajua kukadiria.

DADA: Tangu mwezi wa ngapi tumbo halikuongezeka?

FUNDI: Wa sita.

DADA: Na futi ya kupimia iko shingoni mwako kila siku. Hukumwambia mtu?

FUNDI: Ningesema nini? Nguo inakaa vizuri.

DADA: Amenyonya saa ngapi?

FUNDI: Alfajiri.

DADA: Saa hizi ni saa saba mchana!

FUNDI: Kliniki walisema kila saa mbili, hata kama amelala. Ila mama mkwe akasema, aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Sasa mimi nibishane na mama mkwe?

DADA: [mawimbi yanakwaruza] —mikono yake ikoje?

FUNDI: Unasemaje?

DADA: Nenda chumbani umshike mikono!

FUNDI: Naenda. Hodi mama, samahani... [anamshika mtoto] Ya baridi, dada. Na mmoja unatetemeka, unaacha, unatetemeka. Mama mkwe anasema anaota.

DADA: Haoti! Nisikilize vizuri. Huyo alikosa chakula tumboni mwa mama yake, amezaliwa bila akiba mwilini. Sukari yake ikishuka halii, analala tu. Mkune nyayo.

FUNDI: Namkuna... Amefumbua jicho moja. Amelifumba.

DADA: Wifi akamue maziwa, mtie tone moja kwenye ulimi. Anameza?

FUNDI: Linatoka pembeni.

DADA: Basi acha! Usimlazimishe, yatampalia. Mwiteni mwenye pikipiki, mwende hospitali sasa hivi. Mtoto awe ngozi kwa ngozi na mama yake, kofia kichwani.

FUNDI: Gauni linambana mama yake kifuani, mtoto haingii—

DADA: Lipi?

FUNDI: Hilo hilo nililomshonea.

DADA: Kwani huna mkasi? Fumua!

FUNDI: Nafumua. Mama, sogea kidogo, tafadhali. Sogea! Nimeshona uzi wa mara mbili, Mungu wangu... Upande mmoja tayari. Ameingia. Dada, ni mdogo jamani! Nafasi yote hii, amejaza kiganja tu.

DADA: Pikipiki?

FUNDI: Imefika, iko mlangoni. Mke wangu anapanda. Dada, nilijua. Mkono ulijua, nikaunyamazisha.

DADA: Utalia baadaye. Mkifika hospitali waambieni neno moja: sukari. Wapime kwanza sukari.

FUNDI: Sukari. Sawa. Salio linakwisha, simu imeshatoa mlio mara mbili. Ngoja, nimeweka simu mdomoni kwa mtoto.

DADA: [anasikiliza]

FUNDI: Dada? Umemsikia?

DADA: Sijasikia kitu. Kimbieni, mdogo wangu. Mwambie mwenye pikipiki asisimame popote.