Mitambo Niliyokataa Kuiita Chuma Chakavu

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Rehemah, shika mkono wangu. Nasif, zima redio.

Mnajua nilikuwa fundi wa mitambo ya kufuma vitenge katika kiwanda cha serikali pale Jinja, ila sababu ya kufukuzwa kwangu niliwaficha. Serikali ilipotaka kuuza viwanda vyake, kwanza ilitusaidia kwa mitambo kumi na miwili mipya, ili kiwanda kiamke kipate mnunuzi wa maana. Mimi na rafiki yangu Gaster tuliifunga wenyewe, na watu mia tatu wakarudi kazini. Kwa hiyo asiwadanganye mtu kwamba msaada ule ulikuwa mbaya. Wabaya ni walioukalia.

Maana haukupita mwaka, akaja mkubwa mmoja, mwanajeshi wa zamani, na karatasi iliyosema mitambo ile ni chuma chakavu, ili shemeji yake auziwe kiwanda kwa bei ya kutupa. Alitaka saini za mafundi wawili.

Nikamwambia, "Afande, chuma chakavu hakifumi."

"Mzee, una watoto," akanijibu. "Weka saini."

Gaster aliweka. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Mimi nilimpisha njia, lakini uongo sikumpa. Wiki ile ile tukatolewa katika nyumba ya kiwanda, tukaja hapa Mbale, Namakwekwe, mama yenu, Mungu amrehemu, akiwa na cherehani kichwani. Fundi mwingine akaweka saini badala yangu, na shemeji mtu akauziwa kiwanda. Aliing'oa mitambo akaiuza ng'ambo, akafunga kiwanda, na Gaster naye akafukuzwa. Miaka mitano sikulitaja jina lake.

Juzi alikuja, akalia hapo ulipokaa, Rehemah. Wabunge wanachunguza uuzaji ule, naye yuko tayari kukiri, ila akiwa peke yake wale wakubwa watammeza. Nimemsamehe. Maneno yangu mwalimu Masaba ameyaandika, yako chini ya mto huu ninaolalia. Rehemah, yapeleke Kampala, uyasome kwa sauti, na wakikutisha, anza tena mwanzo.

Kiwanja cha Mpumudde, kule Jinja, ni chenu wawili, msikiuze. Nasif, vifaa vyangu vya ufundi ni vyako, usiviazime kwa mlevi.

Ngojeni... nipumue.

Mungu awape ndimi nyoofu na usingizi usio na hofu. Na mtakaponibeba... Gaster asisukumwe nyuma kwa kuwa ni Mkristo... wala kwa lile alilofanya. Mpeni... mpeni nafasi ya mbele, begani.