Doto Asiye na Kulwa

Mheshimiwa Diwani, Mchungaji wetu, Sheikh wetu, wazee wa Makambako, nanyi wenzangu wa Njombe mliokuja na makoti mazito kana kwamba baridi mnayo peke yenu: kwa heshima zote, kamwene!

Mimi ni Fidelia, mwenyekiti wa umoja wa mashabiki wa *Wahamiaji wa Sayari ya Tisa*, filamu ambayo sasa imefika sehemu ya ishirini na mbili na bado hatujachoka kuigombania. Leo tunamuaga Mzee Abdulaziz anayestaafu, aliyetutafsiria filamu hii kwa kipaza sauti, katika banda lake la video hapa Makambako, kwa miaka kumi na tisa.

Wageni msioijua habari yetu, sikilizeni. Katika sehemu ya sita, Kapteni Oru alikufa, tukamlilia, akazikwa. Sehemu ya saba ndiyo inayoonyesha madaktari wakimrudishia uhai. Njombe tuliitazama kwa mpangilio. Huku Makambako, boksi la sehemu ya saba lilipitilizwa na basi hadi Songea, ikatangulia ya nane. Banda limejaa, na marehemu anatembea kwenye skrini! Ungekuwa wewe, ungesema nini? Mzee wetu hakupepesa jicho. Alisema, "Tuliyemzika ni Kulwa. Huyu ni Doto, pacha wake."

Sisi wa Njombe tulichachamaa. Mwalimu Methodi, anayetunza daftari la matukio yote tangu sehemu ya kwanza, alitamka kwamba kisa rasmi ni cha watengenezaji, hakiongezwi mtu bandani. Nami, nisiwafiche, nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Miaka kumi na miwili hatukutazama filamu pamoja. Misibani tulikutana, harusini tulialikana, lakini kwenye filamu kila mtu na kwao.

Mwezi uliopita tukakaa Njombe kuamua: Doto aingie kwenye daftari moja la wote, au atupwe? Mzee Abdulaziz alisimama, kofia mkononi, akakiri kwamba Doto alimbuni yeye, kwa aibu ya kutojua. Akaomba afutwe, na jina lake la mtafsiri lifutwe pia. Tulikuwa tumeshinda, ndugu zangu, na ushindi ule haukuwa na ladha hata kidogo.

Ndipo akainuka Hamisa, muuza viazi wa hapa.

"Mwalimu," alisema, "binti yangu nilimwita Doto kwa ajili ya huyo Kapteni. Hana kulwa. Sasa nimwambie jina lake limetoka wapi?"

Mwalimu Methodi akauliza kama wako wengine. Mikono mitano ikanyooka! Akina Doto watano, wote wamezaliwa peke yao! Akavua miwani, akaifuta, akaomba kalamu ya kijani. Akamwingiza Doto daftarini, akaandika na sheria, tena akatia sahihi: maandishi ya bluu ni ya watengenezaji, ya kijani ni yetu, na yote yatasomwa.

Mzee Abdulaziz, daftari hili hapa, ukurasa wa arobaini. Uliomba ufutwe. Kwa mamlaka ya kiti changu, ombi hilo nimelikataa, na kwa makofi niliyopiga siku zile nakuomba radhi.

Na atakayeuliza kama Kapteni alikuwa na pacha, mleteni Makambako. Doto wa Hamisa, mwanangu, simama watu wakuone. Yuko darasa la tano, wa kwanza kwa hesabu, na ndiye ushahidi wetu.

Nawashukuru wote kwa kunitegea sikio.