Kumuaga Mwalimu Tobia, Aliyetuingiza Tumboni mwa Bakteria

Ndugu Katibu Kata, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Mchungaji wetu na Maalimu wetu mliokaa benchi moja na kugawana mwavuli mmoja, wazee wangu shikamooni, ndugu wazazi, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokalia nyasi zenye umande bila kunung'unika: nawasalimu kwa lugha yetu ya nyumbani, onga mshi.

Nimeombwa niseme maneno machache. Aliyeniomba ni Katibu Kata, Ndugu Issa, ambaye tangu tupate uhuru sijamsikia akisema maneno machache, kwa hiyo leo naona nimepewa kazi ya kuonyesha mfano.

Tumekutana kumuaga Mwalimu Tobia, mwalimu wetu wa sayansi, ambaye serikali imemhamishia chuo cha ualimu. Mimi kama mwalimu wake mkuu nashuhudia kwamba alifundisha vizuri. Nashuhudia pia kwamba alinichukulia maharage ya jikoni mwa shule, akaazima shuka langu ambalo sijaliona tena, na akapaka nta magunia ambayo yalikuwa ya mahindi. Kwa yote hayo, ndugu zangu, nasimama mbele yenu kumshukuru, na nikieleza mtaelewa.

Mnamjua Nathanaeli, yule pale mwenye koti la kijivu, mume wa Klara. Ni nani kati yetu anayeotesha kabichi kwenye mteremko kama yeye? Amenipa ruhusa niyaseme haya, tena ameniambia nisipunguze. Mwaka juzi alikohoa mpaka akakonda, hospitali ikamkuta na kifua kikuu, akaambiwa atumie dawa mwaka mzima, sindano na vidonge. Akawa anashuka mlima kwenda hospitali na kupanda mlima kurudi. Baada ya miezi michache kifua kikatulia, mashavu yakarudi, suruali ikaanza kumbana.

Lakini siku ya sindano ilikuwa Jumanne, na Jumanne ni siku ya shamba la kijiji. Watu wako kwenye matuta na majembe, Nathanaeli anapita njiani mikono mitupu, amevaa viatu. Lipo neno moja tunalolipigia kelele sana mikutanoni, neno la mtu anayeishi kwa jasho la wenzake: kupe. Hakuna aliyemtamkia Nathanaeli neno hilo. Ila mwenye haya hangoji kuambiwa. Jumanne moja akaacha kushuka, akaja shambani na jembe lake. Na sisi, wajamaa wazuri, tulifanya nini? Tulimpigia makofi. Mwenyekiti alimtaja mkutanoni kuwa mfano wa kuigwa, na Klara peke yake ndiye aliyekaa ameshika tama.

Ndipo ikafika Siku ya Wazazi. Mwalimu Tobia na darasa la sita walikuwa wamejenga kidudu hapa uwanjani. Si kidudu cha kuchora ubaoni, la. Bakteria wa fito na magunia, mrefu kama banda la ng'ombe, mwenye mlango, ambaye mzazi aliweza kuinama na kuingia. Magunia yalikuwa ukuta wa seli. Shuka langu lilining'inia ndani yake kuwa utando, ule unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke. Karai kubwa la uji lilikuwa ule ute unaoijaza seli. Maharage yalielea humo, yakiwa zile punje zinazotengeneza mahitaji yote ya mwili wake, na katikati ilijikunja kamba ndefu ya mkonge, yenye maagizo ya namna ya kuishi na kuzaa. Kabla wageni hawajafika kuku wa jirani aliingia akala punje kadhaa, na Mwalimu akawaambia watoto kwamba hata bakteria ana maadui.

Ndugu Issa aliingia wa kwanza, kama itifaki inavyotaka. Akazunguka, akatazama kila pembe, akauliza, "Sasa mwalimu, ofisi ya mwenyekiti wake iko wapi?"

"Hana ofisi, Ndugu Katibu," Mwalimu akajibu. "Seli zako na zangu zina kiini, chumba kilichozungushiwa ukuta, na maagizo yamo humo. Huyu hana chumba. Maagizo yake yamelala papa hapa kwenye uji, na kila punje inafanya kazi bila kuitiwa mkutano."

Ndugu Issa alifurahi sana. Akasema, "Basi hawa ni wajamaa safi."

"Hapana, Ndugu Katibu. Mjamaa hula jasho lake. Huyu wa kifua kikuu anakula pafu la mwenzake. Kama tunatafuta kupe, kupe ndiye huyu."

Nathanaeli alikuwa mlangoni. Nilimwona akiinua kichwa.

Mwalimu akachukua kata ya maji akayamwaga juu ya gunia. Yakateleza yote chini, kama kwenye jani la magimbi. Akatueleza kwamba bakteria wa kifua kikuu amejipaka kitu kama nta ukutani, ndiyo maana dawa huchelewa kumpenya, na ndiyo maana daktari husema mwaka wala hasemi wiki. "Tena ana hila nyingine," akasema. "Wengine hulala. Hawali, hawazai, wanangoja. Dawa huwamaliza walio macho, mgonjwa akapata nafuu, akadhani wamekwisha. Kumbe waliolala bado wamo."

Klara akauliza, "Wanalala mpaka lini, mwalimu?"

"Mpaka mwenye nyumba aache dawa, mama."

Klara akamgeukia mumewe. "Baba Mika, umesikia?"

"Nimesikia," Nathanaeli akasema. "Lakini Jumanne ni siku ya shamba la kijiji."

Tulikuwa tumemsikia mtu akisema waziwazi kwamba yuko tayari kufa kuliko kuonekana mvivu, na kila mmoja alikumbuka makofi yale. Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua, lakini huyu hakuyaficha. Ni sisi tuliomfanya aone haya kuyatibu.

Ndugu Issa, utanisamehe, ulisema kanuni ni kanuni, Jumanne kila mtu shambani. Na Mwalimu Tobia, kijana ambaye angeweza kunyamaza akalinda kibarua chake, alikujibu hivi: "Mtu huyu akikohoa kwenye shamba la kijiji anatugawia sote sawasawa, Ndugu Katibu, na huo ndio mgawo pekee tusioutaka." Ukacheka, mzee wangu, na kwa kicheko hicho nakuheshimu mpaka leo, kwa sababu ulivua kofia ukaitisha baraza palepale, mbele ya kidudu. Likaamuliwa kwamba anayeshuka kufuata dawa ya kifua kikuu ahesabiwe yuko shambani, na jina lake liitwe pamoja na majina ya wenye majembe.

Jumanne iliyofuata Nathanaeli hakushuka peke yake. Walitoka watu ambao hatukujua hata kwamba wanakohoa, Muislamu na Mkristo, mzee na mama mwenye mtoto mgongoni, na wenye majembe wakawapungia mikono. Nililia, sioni haya kusema. Ilibidi Nathanaeli aanze dawa upya, na alianza. Mwezi huu hospitali imemwambia basi, amepona.

Mwalimu Tobia, huko chuoni utafundisha watakaofundisha. Wafundishe ukuta, utando, uji na kamba. Lakini wafundishe pia kuutazama uso wa mtu aliyesimama mlangoni. Zawadi ya wazazi ni kitenge cha kumpelekea mama yako na chai ya kiwanda chetu cha Mponde. Shuka nimekusamehe.

Nina neno moja la mwisho. Asubuhi hii nilitafuta vijana wa kubeba sanduku la Mwalimu, mpaka juu ya kilima ambako basi linapita. Nathanaeli akaniambia niwaache vijana wapumzike. Nikamwambia kilima ni kikali, atachoka. Akaniuliza, "Mwalimu mkuu, leo ni Jumanne. Unataka nionekane nimekaa bure?"

Sanduku lile pale, ameshaliinua, na hata hapumui kwa shida. Basi nanyamaza tumsindikize, na kwa subira yenu ya kunisikiliza, asanteni sana.