Terapi ya Mgongo

DELFINA: Haloo? Nani huyo? Sema haraka, niko dukani.

FLAVIA: Shikamoo shangazi. Ni mimi, Flavia.

DELFINA: Flavia yupi? Namba hii siijui—

FLAVIA: Wa Louisville. Mtoto wa kaka yako. Kwani unao wangapi?

DELFINA: Marahaba mwanangu. Mbona unasikika kama umefunikwa na ndoo?

FLAVIA: Niko ndani ya gari, nje ya nyumba. Simu ni ya kuazima, ile ya kununua dakika. Yangu imetumbukia chooni.

DELFINA: Chooni. [anacheka] Haya. Huku Buffalo ni theluji tupu, na mimi niko kwa Ruberwa nanunua kitenge cha sare. Harusi ya kaka yako Sylveri huko Columbus ndiyo hiyo imefika, sijashona hata kola. Sasa wewe— ngoja. Si ndiyo leo?

FLAVIA: Ndiyo leo.

DELFINA: Kwa mshauri nasaha. Na mama yako.

FLAVIA: Na mama.

[simu inakwaruza]

DELFINA: Amekufukuza?

FLAVIA: Hapana.

DELFINA: Amezimia? Goreth namjua, anaweza kuzimia kwa—

FLAVIA: Shangazi, subiri nikuambie—

DELFINA: Unalia au unacheka?

FLAVIA: Vyote viwili. Sijui. Tangu tutoke pale nacheka huku nalia.

DELFINA: Basi anza mwanzo. Ruberwa, ngoja kidogo kukata, naongea na mtoto.

FLAVIA: Si ulinishauri nisimweleze yote nyumbani? Nimwambie tu naenda terapi, wanataka mzazi aje, halafu yule mshauri anisaidie kusema. Nikafanya hivyo hivyo. Akauliza, tangu lini? Nikamwambia tangu shule ilipofunguliwa. Akashika kichwa, akaingia chumbani kusali. Wiki nzima haniachi ninyanyue hata sufuria.

DELFINA: Sufuria?

FLAVIA: Leo asubuhi natoka chumbani, namkuta sebuleni amevaa suruali ya mazoezi, raba, na taulo shingoni.

DELFINA: Taulo ya nini sasa?

FLAVIA: Shangazi, mama anajua terapi moja tu.

DELFINA: Terapi ya— uwii. Ya mgongo.

FLAVIA: Ya mgongo. Tangu alipoumia kazini kwenye maboksi, wakawa wanamnyoosha kila wiki. Kwake terapi ni hiyo. Alidhani nimevunjika mgongo nikamficha.

DELFINA: [anacheka] Mungu wangu, Goreth. Na hukumwambia?

FLAVIA: Ningemwambiaje? Ningeanzia wapi? Tukaenda. Kufika, anatafuta kitanda hakioni, akapanda kwenye kochi la yule mama mshauri, akalala chali, akaanza kunionyesha jinsi ya kuvuta goti mpaka kifuani. Na raba zake.

DELFINA: Nitajikojolea hapa dukani.

FLAVIA: Mshauri akapiga simu ya mkalimani, akaiweka mezani. Baba mmoja, Kiswahili chake kama anasoma taarifa ya habari. Mshauri akazunguka, akazunguka, mkalimani akasema: "Mama, binti yako anawapenda wasichana wenzake."

DELFINA: Eh. Naye?

FLAVIA: Akasema ndiyo, nimemlea vizuri, hata kule kambi ya wakimbizi alikuwa hagombani na mtu.

DELFINA: [anacheka mpaka anakohoa] Acha. Acha kwanza.

FLAVIA: Mimi sikucheka, shangazi. Nilijua hapo hakuna mtu wa kunisaidia tena. Nikasema mwenyewe. Mama, yule Gentille anayekuja kula kwetu Jumapili si rafiki. Nampenda kama kaka Sylveri anavyompenda mchumba wake Dative.

DELFINA: Ulisema hivyo.

FLAVIA: Hivyo hivyo.

DELFINA: Mwanangu. Halafu?

FLAVIA: Akaangalia raba zake. Halafu akaniuliza, "Kwa hiyo mgongo hauumi?"

DELFINA: Alikuuliza nini?

FLAVIA: Mgongo. Nikamwambia hauumi, mama. Akasema, hata kidogo? Nikasema hata kidogo. Akaanza kulia, akanivuta, akawa ananipapasa mgongo huku anamshukuru Yesu. Mshauri anamuuliza mkalimani mama anasema nini, mkalimani hajibu. Kumbe naye analia kwenye simu.

DELFINA: Na mimi hapa je? Ruberwa ameniletea kiti.

FLAVIA: Baadaye mama alisema hili jambo halielewi, hatanidanganya kwamba analielewa. Na watu wa kanisa hatawaambia. Lakini terapi atarudi. Akauliza kama ni lazima avae raba.

DELFINA: Ndiye huyo wifi yangu. Sasa harusi? Gentille anakuja?

FLAVIA: Hilo sijauliza. Njia nzima kwenye gari hakuongea. Naogopa, shangazi. Nisiharibu.

DELFINA: Kitenge kiko mezani na mkasi uko juu yake. Mama yako mwenyewe ndiye aliyesema sare ni ya familia tu, hata mchumba wa binamu yako Reginaldi alinyimwa. Mimi sikati cha Gentille kwa siri aje aaibishwe mbele za watu. Ingia ndani umuulize.

FLAVIA: Sasa hivi?

DELFINA: Sasa hivi. Usikate simu.

FLAVIA: Dakika zinakaribia kuisha—

DELFINA: Basi kimbia.

[mlango wa gari, mlango wa nyumba, maji ya bomba]

FLAVIA: [kwa mbali] Mama, shangazi Delfina anakata sare. Anauliza... anauliza kama akate na ya Gentille.

[maji ya bomba yanaendelea]

DELFINA: Amesemaje?

FLAVIA: Hajasema. Anaosha mboga ya lengalenga.

DELFINA: Anaosha au anaisugua kwa hasira?

FLAVIA: Anaosha tu. Amefunga bomba. Anafuta mikono.

DELFINA: Uso ukoje?

FLAVIA: Siuoni, amenipa mgongo. Anauliza ni kitenge kipi.

DELFINA: Cha njano, kile chenye ndege.

FLAVIA: Cha njano, mama, chenye ndege. Shangazi, anasema hicho kimoja hakitatosha.

DELFINA: Hakitamtosha nani? Flavia, hakitamtosha nani?

FLAVIA: Shangazi, subiri, huyu mwanamke wa simu naye ameanza kuniambia dakika— Mama anasema Gentille ni mrefu kama mlango. Anasema usije ukamshonea mtoto wa watu sketi ya kuonyesha magoti kwenye harusi ya Sylveri. Shangazi, mama anacheka. Anasema ukate—

[simu imekatika]

DELFINA: Nikate ngapi? Haloo? Flavia? Haloo?

[anaweka simu]

DELFINA: Ruberwa. Kaka, shika mkasi. Kuna mtoto wetu mwingine, na huyu ni mrefu.