Kilo Ngapi, Mara Ngapi

Treni ilikuwa inakaribia Mpanda wakati Luhende alipomuuliza abiria mwenzake, Shadrack, mwalimu wa mazoezi ya jimu, swali lililomkaa rohoni tangu Tabora: anyanyue kilo ngapi, mara ngapi, ili mkono wa kushoto ulingane na wa kulia.

"Kaka, ukitaka mwili ujae, beba uzito utakaokushinda ukifika mara ya nane," alisema Shadrack. "Mwepesi mara ishirini unakupa pumzi tu."

"Nilianza na kilo kumi. Sasa mbili zinanishinda."

"Basi huli vizuri, au unategea."

Hata mke wa Luhende alikuwa amemwambia hivyo hivyo. Miezi mitano alikuwa akinyanyua makopo aliyoyajaza saruji, kila alfajiri, na mkono ukazidi kukonda.

"Daktari kasema misuli inakufa," alisema Luhende hatimaye. "Haina dawa. Nikadhani labda nyie watu wa jimu mnajua kitu."

"Jaribu nusu kilo," akasema Shadrack kwa sauti ya chini. "Mara nyingi kadiri utakavyoweza."

Luhende aliitikia kwa kichwa, ingawa wote wawili hawakuamini. Treni ikasimama. Akauinua mkono wa kushoto kwa ule wa kulia, akautia mfukoni mwa koti, akashuka.