Nani Anairusha, Neville?

Wasikilizaji wapendwa, jioni hii punguzeni kidogo shughuli zenu, mkae nami. Nitasema polepole, maana ninayemzungumzia wengi wenu mlimjua, na baadhi yenu bado mna macho mekundu.

Wilfred Ablett amefariki. Wilf Ablett wa kijiji chetu cha Gedby Fen. Alifariki Jumanne nyumbani kwake, mkewe Bi Hazel akiwa pembeni. Alikuwa fundi wa pampu za mifereji mpaka alipostaafu, na mvua nyingi zilizonyesha huku kwetu hazikuingia majumbani kwa sababu yake. Lakini hamkumjua kwa pampu. Mlimjua kwa autojairo.

Kwa ambao hamjawahi kusimama nasi uwanjani nyuma ya mashamba ya biti, yale ya kutengenezea sukari, niseme kidogo. Autojairo ya Wilf ni ndege ndogo ya kurusha kwa rimoti. Urefu wake kama mbwa wa wastani. Haina mabawa. Juu ina mapanga kama ya helikopta, lakini mapanga yale hayana mota. Mota iko puani, inazungusha rafadha tu, ile feni ya mbele. Mapanga ya juu yanazungushwa na upepo. Unayasukuma kwa kidole yaanze, unaikimbiza ndege kwenye nyasi ikiutazama upepo, yanashika kasi, inanyanyuka. Upepo ukiacha kupita kwenye mapanga, hakuna kinachoishikilia juu.

Hilo tulikumbuke. Upepo tu ndio unaoishikilia.

Wilf alizijenga zote jikoni. Bi Hazel aliniambia, "Meza yangu imekula gundi kuliko mchuzi. Siku tulipomwalika mchungaji, sahani yake iligoma kuinuka."

Nikamuuliza, hukukasirika?

"Nilikasirika miaka arobaini," akasema. "Ningepewa mingine arobaini ningekasirika tena."

Rafiki mkubwa wa Wilf ni Bwana Neville Sneath. Neville ni dereva wa lori, sasa ana zaidi ya miaka sitini, na Wilf alimwita kijana mpaka mwisho. Neville alikuja uwanjani akiwa hodari wa ndege za kawaida, zenye mabawa. Anasema alikuja na maringo. Wilf akampa autojairo yake airushe.

Sasa sikilizeni kosa alilofanya, maana ni kosa la watu wa ndege tu. Ndege yenye mabawa ikipoteza mwendo, unasukuma kijiti cha rimoti mbele. Pua inashuka, mwendo unarudi, unaokoka. Mkono wa Neville ulizoea hivyo. Autojairo ikapunguza mwendo, naye akasukuma. Upepo ukaacha kupita kwenye mapanga. Yakalegea. Ikaanguka kama kabati lililotupwa dirishani.

Pale uwanjani kuna desturi. Ndege ikianguka, hakuna anayesema neno mpaka aliyeshika rimoti aseme. Na yeye ndiye anayechukua mfuko mweusi wa taka, anakwenda peke yake kuokota vipande. Hasaidiwi. Neville alisimama pale, uso umemwiva kwa aibu. Anasimulia mwenyewe:

"Nikamwambia, Mzee Wilf, samahani, ni ndege yako, ngoja twende wote. Akanikatalia. Akasema, kijana, ilikuwa mikononi mwa nani? Nikasema mwangu. Akasema, basi beba mfuko wako, sisi tunakunywa chai."

Neville alicheka akinisimulia. Halafu akaacha kucheka.

Wasikilizaji wapendwa, ugonjwa ulianza kwenye kidole gumba. Wilf alipata ule ugonjwa wa kutetemeka, ambao daktari anauita Parkinson. Kidole, halafu mkono, halafu mikono yote miwili. Kwa mtu mwingine ni kikombe kumwagika. Kwa Wilf ilikuwa autojairo. Ile inataka mkono laini. Mkono ukiruka mbele bila wewe kutaka, ndege imekwisha.

Alikuwa na moja ambayo hajaimaliza, ya manjano. Hakuweza tena kushika brashi ya gundi. Bi Hazel akaishika yeye.

"Alikuwa ananielekeza," Bi Hazel alisema. "Hapo. Siyo hapo. Hapo! Hazel, unapaka gundi au unapaka siagi? Nikamwambia, paka mwenyewe basi."

Bi Hazel akapitisha kiganja juu ya meza ile.

"Akautazama mkono wake. Ukawa unacheza juu ya meza kama samaki. Nilitaka kulirudisha lile neno. Ungelirudishaje?"

 

Waliimaliza ile ya manjano. Na Wilf alikuwa na jambo moja tu alilolitaka. Alimwambia Bi Hazel, akamwambia Neville, akamwambia kila aliyemtembelea: anataka kuirusha yeye. Siyo kutazama. Kuirusha.

Kuna njia ambayo tunafundishia wageni. Rimoti mbili zinaunganishwa. Mwalimu ana moja, mwanafunzi ana moja. Mwalimu akibonyeza swichi, ndege inamtii mwanafunzi. Akiachia, inarudi kwake. Neville akasema, Mzee Wilf, tutumie hiyo. Mimi nitashika ya mwalimu, kwa usalama tu. Wilf akakubali. Aliyemfundisha Neville akakaa upande wa mwanafunzi.

Kiangazi chote kile tuliwaona. Wilf kwenye kiti chake cha kukunja, rimoti mapajani. Neville nyuma yake, amesimama. Ile ya manjano inazunguka juu ya biti, taratibu, inateremka kama mbegu. Watu walisema, mtazameni Wilf, mikono imegoma lakini ndege haijui.

Wasikilizaji wapendwa, ukweli ni kwamba Neville hakuwa akibonyeza ile swichi. Siku ya kwanza alibonyeza kidogo, ndege ikayumba vibaya, akaiachia. Tangu hapo aliirusha yeye mwenyewe. Vijiti vya Wilf vilikuwa havishiki kitu. Bi Hazel alijua. Yeye ndiye aliyemwomba.

"Nilimwambia Neville, mwache afurahi," alisema. "Ikivunjika, hatuwezi kujenga nyingine. Nani ataijenga? Mimi na siagi yangu?"

Halafu ikaja Jumapili moja mwishoni mwa Septemba. Upepo mzuri, wa baridi, macho yanatoa machozi. Ile ya manjano ilikuwa juu inakata kona ya kushoto. Wilf akatoa mikono kwenye rimoti, akajipangusa pua kwa kitambaa. Akakikunja kile kitambaa. Akakiweka mfukoni. Ndege ikamaliza kona vizuri kabisa.

Akasema bila kugeuka, "Nani anairusha, Neville?"

Neville akaendelea kuitazama ndege.

"Nimekuuliza, kijana."

"Mimi, mzee."

"Leo tu?"

"Hapana, mzee."

Bi Hazel alikuwa karibu, anamimina chai kutoka kwenye chupa. Anasema kikombe kilifurika naye hakuacha kumimina.

Wilf akauliza, "Hazel, na wewe?"

Akasema, "Na mimi."

Mimi nilikuwa pale, wasikilizaji. Hakugomba. Ningependa angegomba. Alirudisha vidole kwenye vijiti. Vilikuwa vinagonga plastiki, tukasikia, tik tik tik. Akasema, "Nipe."

"Mzee, itaanguka," Neville alisema.

"Najua itaanguka. Nilikufundisha mimi. Nipe."

Neville akamtazama Bi Hazel. Bi Hazel akatikisa kichwa, kukataa. Kisha akageuka, akatazama mfereji. Neville akabonyeza swichi.

Ile ya manjano ikashtuka. Ikainua pua, ikaishusha, ikainua. Haikuwa nzuri kutazama. Lakini ilikata kona, na kona ile ilikuwa ya Wilf. Ikaja juu yetu ikiyumba kama mlevi anayetafuta mlango wake. Wilf alikuwa amefungua mdomo. Ikakata kona nyingine. Mtu mmoja akasema, "Endelea, Wilf, endelea!"

Halafu mkono ukaruka mbele.

Pua ikashuka ghafla. Sauti ya mapanga ikabadilika. Neville akaachia swichi palepale, ndege ikarudi kwake, akavuta kijiti, akavuta mpaka mwisho. Aliniambia alijua hakuna kitu cha kuvuta. Mapanga yalikwisha kulegea. Rimoti mbili nzima, watu wawili wanaoijua ndege ile kuliko yeyote, na wote wanaitazama tu ikishuka kwenye biti.

Hatukusema. Desturi ni desturi. Tulisubiri aliyeshika rimoti aseme. Lakini safari hii tulimsubiri nani? Neville ndiye alikuwa nayo ilipogonga ardhi. Akainama, akachukua mfuko mweusi kwenye boksi lake la vifaa.

Wilf akanyoosha mkono. "Lete hapa. Hiyo ilikuwa yangu."

"Mzee, biti zimeloa, utaanguka."

"Neville. Kunyweni chai."

Akainuka. Alikwenda peke yake, hatua fupifupi, mfuko unampigapiga mguuni kwa upepo na kwa mtetemeko. Alianguka mara moja, tukamwona anapotea kwenye majani. Neville akapiga hatua moja, Bi Hazel akamshika koti. Wilf akatokea tena. Alichukua muda mrefu sana. Sisi tulishika vikombe. Hakuna aliyekunywa. Aliporudi, magoti yana tope, mfuko una mbao za manjano, akamwambia Bi Hazel, "Kona mbili. Umeziona?"

Bi Hazel akasema ameziona. Aliniambia hakuona hata moja. Alikuwa anatazama mfereji.

Baada ya hapo Wilf hakuomba tena kurusha. Na hakukataa tena kusaidiwa. Bi Hazel anasema asubuhi iliyofuata alikaa kitini, akainua kidevu, akamwachia amnyoe. Miaka yote ya ugonjwa alikuwa akijinyoa mwenyewe, anatoka na damu shavuni, na ole wake anayesema. Asubuhi ile akafumba macho akatulia.

"Watu wananiambia ni vizuri, alipata amani," Bi Hazel alisema. "Mimi nilishika wembe nikalia. Nilitaka anikemee. Nilitaka aseme, Hazel, unanyoa au unapaka siagi."

Na Neville? Neville ameniuliza kama alikosea. Alikosea kiangazi chote, au alikosea Jumapili ile? Nimemwambia sijui.

Kwako Bi Hazel, kwa watoto na wajukuu wa Ablett, kwako Bwana Neville na wote wa uwanjani Gedby, pokeeni pole zetu. Tunalia nanyi.

Na wewe unayenisikiliza, pengine nyumbani kwako kuna mtu ambaye mikono yake haimtii tena. Unamfunga vifungo, unamkatia nyama, unamfanyia mambo huku yeye akidhani anayafanya. Sitakuhukumu. Ila akikuuliza, kama Wilf alivyouliza, mjibu kweli. Halafu fikiri utafanya nini akisema nipe.