Mifuko Yenye Zipu

Benchi la kijiwe liliegemea kibanda cha Fundi, mshona nguo, kwa hiyo lolote lililosemwa pale alilisikia bila kuinua kichwa kwenye cherehani. Siku hiyo walikaa wawili: Spika, muuza betri, ambaye mdomo wake haukuwahi kuwa na kifuniko, na Daktari, ambaye wagonjwa wake wote ni redio. Redio moja iliyopona asubuhi ilikuwa imetangaza kwamba mpakani hakuna vita, ni mazoezi tu ya askari, na wananchi waache uzushi. Lakini macho yao yalikuwa mlangoni kwa Fundi, kwenye rundo la mifuko ya turubai nyeusi, yenye zipu toka juu hadi chini na mshikio kila pembe. Jamaa mmoja mwenye pikapu ndiye aliyeleta kazi. Aliandika vipimo kwa chaki juu ya robota la turubai, akasema, "Shona, usiulize." Na Fundi, ambaye hakuwahi kukata kitambaa bila kumwona mvaaji, mara hii alikata.

— Fundi, mifuko ya nini hii? Spika akaanza.

— Mimi najua? Nimeambiwa nishone.

— Basi nikwambie mimi. Ya suti. Kuna mkutano wa wakubwa.

— Suti gani ina mishikio minne? Daktari akamkatiza. Inabebwa na watu wanne?

— Ya mkubwa, ndiyo! Mwenye nguvu mpishe.

— Pumbavu. Hii ni ya magodoro ya askari. Mvua ikija, godoro ndani, zipu juu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Godoro jembamba hivi? Wanalala ubavu?

— Basi sanamu! Wanachonga sanamu za askari, wanazipanga mpakani, adui akichungulia anasema, lo, jamaa wako wengi! Jioni wanazifunika zisiingie umande.

— Hapo sasa umesema! Spika akapiga paja. Akili ni mali!

Fundi akacheka kwa nguvu kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili. Alikipenda kisa cha sanamu, maana sanamu haitoki damu. Vidole vyake vilikwisha kumwambia tangu jana kwamba upana ule ni wa mabega, naye akavinyamazisha. Nyumbani walikula kwa cherehani hiyo.

— Hata ikiwa ni kitu kingine, Spika akashusha sauti, wewe shona tu. Vita vya panzi, neema ya kunguru.

— Vita gani? Daktari akadakia. Hujasikia redio?

— Ndiyo hivyo, hakuna.

Spika akamimina kahawa vikombeni. Hapo akafika mama mmoja, mgeni kijiweni, amefuata sare ya mwanawe anayeanza darasa la kwanza.

— Tayari, dada, ngoja nikukunjie.

Meza ilijaa, kwa hiyo Fundi akaitandaza sare juu ya rundo, juu kabisa, kwenye mfuko wa fungu la mwisho. Shati likakaa, kaptula ikafuata chini yake. Mikono ya shati ikagusa kingo mbili za mfuko. Juu ikabaki nafasi ya kichwa. Chini ikabaki nafasi ya miguu.

Mama akatazama.

— Fundi, mfuko huu mbona mfupi? Wa nani?

Spika alianza kuhesabu betri zake. Daktari aliangalia kikombe chake kama ndiyo kwanza anakiona. Fundi akanyosha mkono kuiondoa ile sare pale. Mama ndiye aliyeinyakua, akaikumbatia kifuani kama vile mtoto yumo ndani yake.

Pikapu ikapiga honi. Jamaa akashuka na robota jingine begani, akalibwaga kando ya benchi.

— Hongera, Fundi. Wameipenda mifuko ya kwanza, wanataka zaidi.

Vipimo vilikuwa juu yake kwa chaki. Fundi akavisoma. Vilikuwa vifupi zaidi.

— Hivi ni vya nani?

— Nilisema usiulize.

— Nauliza. Mtoto wa nani?

— Punguza sauti, mzee. Utajiponza.

— Fundi, kaa chini, Spika akanong'ona, akimvuta shati. Wewe nani hata…

Fundi akaweka mguu mmoja kwenye benchi, kisha wa pili, vikombe vikaanguka. Akaliinua robota ili maandishi yaonekane barabarani, akapaza sauti ambayo hata yeye hakujua anayo:

— Jamani! Nimeshona sanda za watoto! Redio inasema hakuna vita, na mimi nimeshona sanda za watoto! Ni wa nani hawa?

Ng'ambo ya barabara, muuza viatu mmoja akasimama na kiatu mkononi. Dirisha likafunguliwa, kisha jingine. Jamaa wa pikapu akatazama huku na huku, watu wakimsubiri ajibu.

Na Spika, aliyekuwa bado ameshika shati la Fundi, hakuliachia. Akapanda naye.